Swichi Juu au Chini? Mwongozo Kamili wa Kuzoeana na Mashine Zilizotoka Nchi Mbalimbali

Chini ya paa la karakana ya kawaida hapa Tanga unaweza kukuta jenereta ya Japani, kompresa ya China, mashine ya kukereza ya Uingereza iliyomzidi umri mwenye karakana, na pampu ya Ujerumani iliyonunuliwa kwenye mnada wa shamba la mkonge. Kila moja ilibuniwa na mtu aliyekuwa tayari anajua mkono wa mteja wake utakwenda wapi: juu kuwasha au chini kuwasha, kukaza kuongeza au kulegeza kuongeza, taa nyekundu ya hatari au taa nyekundu ya kazi. Mteja aliyemfikiria hakuwa fundi wa mtaa wa Ngamiani.

Mwanagenzi akibonyeza pasipofaa, anaitwa mzembe. Sikubali, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kisha, ndege ikiwa bado chini, wanakunja magurudumu na kuilaza kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza, alikuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabawa madogo ya kusaidia kutua zimekaa jirani na zinafanana. Dawa haikuwa kuwagombeza marubani. Moja ilivishwa umbo la gurudumu na nyingine umbo la kabari, mkono ukawa unaijua kila moja bila jicho. Hiyo ndiyo njia ninayotaka tuifuate katika karakana zetu, na inaanza kabla hujagusa kitufe.

Hatua ya 1: Jua mashine ilikusudiwa kutumika wapi

Tafuta kibao cha chuma chenye namba. Usiishie kwenye jina la nchi ilikotengenezwa, maana kiwanda kimoja cha China hutengeneza mashine za soko la Marekani asubuhi na za soko la Afrika jioni, na vidhibiti vinafuata soko, havifuati kiwanda. Angalia volti na hezi. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukiona 120 na 60, hiyo ilikusudiwa Marekani. Ukiona 100, ni ya Japani, na huko mashariki ya nchi wanatumia hezi 50 na magharibi hezi 60, kwa hiyo mashine nyingi za kwao zimeandikwa 50/60. Mashine za namna hiyo zinahitaji transfoma kabla ya kitu kingine chochote, na mota iliyosukwa kwa hezi 60 tu itazunguka polepole zaidi kwenye 50 na inaweza kupata moto.

Angalia pia vipimo. Geji ya upepo iliyoandikwa psi tu, au kipimajoto kinachosoma Farenihaiti, vinakueleza mbunifu alikuwa akimfikiria nani. Andika ulichokiona kwa chaki ubavuni mwa mashine. Utakihitaji katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Swichi ya kuwasha na kuzima

Sisi tumerithi desturi ya Uingereza: swichi ya ukutani ukiibonyeza chini, taa inawaka. Marekani ni kinyume, juu ndiyo kuwasha. Lakini usidhani ndani ya nyumba yako mambo ni mamoja. Nenda kwenye boksi la sakiti breka: pale juu ndiyo kuwasha na chini ndiyo kuzima, na meni swichi za zamani zenye mkono wa chuma nazo zinawashwa kwa kusukuma juu. Kwa hiyo Mtanga yeyote mwenye umeme nyumbani anaishi na kanuni mbili zinazopingana, naye hajali kwa sababu mkono umezizoea zote, kila moja mahali pake. Tatizo hutokea mashine yenye swichi ya kupanda na kushuka inapowekwa karakanani. Mkono utaichukulia kama swichi ya ukutani au kama breka? Nusu ya watu watasema hivi, nusu vile.

Kwa hiyo usitegemee juu na chini. Tafuta alama mbili za kimataifa: mstari uliosimama, I, ni kuwasha, duara, O, ni kuzima. Kitufe kimoja chenye mstari ndani ya duara lililovunjika sehemu ya juu si cha kukata umeme kabisa, kinaiweka mashine katika hali ya kusubiri. Ndani mna umeme bado. Ukitaka kuifungua mashine ya namna hiyo, chomoa plagi.

Hatua ya 3: Rangi za waya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu hufa.

Nyumba za zamani za Tanga zilivutwa waya kwa desturi ya zamani ya Waingereza: nyekundu ni laini yenye moto, nyeusi ni nyutro (waya wa kurudisha umeme), kijani ni ethi (waya wa ardhini). Kwenye faza tatu, yaani umeme wa laini tatu zenye moto, faza zilikuwa nyekundu, njano na bluu. Desturi mpya ya kimataifa, ambayo Uingereza yenyewe iliianza 2004, inasema laini ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Na kwenye faza tatu, faza ni kahawia, nyeusi na kijivu. Sasa weka juu yake mashine iliyotoka Marekani au Japani, ambako waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro.

Tazama rangi nyeusi peke yake. Kwenye nyumba ya babu ni nyutro. Kwenye jengo jipya la faza tatu ni faza. Kwenye mashine ya Marekani ni moto wa moja kwa moja. Bluu nayo: zamani ilikuwa faza, leo ni nyutro. Fundi aliyejifunza kwa mzee wake na kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA wanaweza kusimama mbele ya boksi moja, kila mmoja ana hakika, na mmoja wao akaguswa na umeme.

Kwa hiyo fanya hivi, bila kuruka hata kimoja. Kata umeme kwenye meni na uweke kufuli au mtu wa kulinda. Jaribu maltimita (kipima umeme) yako kwanza mahali unapojua pana umeme, ili ujue ni nzima. Pima waya kwa waya, kisha rudi ukaijaribu tena maltimita palepale pa mwanzo. Ukishajua waya upi ni upi, zungushia utepe wa rangi ya desturi mpya kwenye ncha zote mbili, na ndani ya kifuniko cha boksi bandika karatasi inayoeleza rangi za jengo hilo. Pale ambapo za zamani na mpya zimekutana, liandike onyo kwa herufi kubwa. Kazi ya kuunganisha ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji; lakini kujua kwamba rangi si ushahidi ni haki ya kila mtu anayeishi ndani ya jengo.

Neno moja kuhusu faza tatu: mota ikizunguka kinyume, badilisha waya mbili za faza na itageuka. Kabla ya kuifunga kwenye mashine ya kukoboa au pampu, iwashe mara moja kwa sekunde chache ikiwa haijabeba kitu, uone inaelekea wapi. Watengenezaji wengi huweka mshale mwilini mwa mashine. Uamini mshale huo kuliko kumbukumbu yako.

Hatua ya 4: Nyekundu na kijani

Barabarani nyekundu ni simama. Wengi wetu tunaingia kiwandani na sheria hiyo kichwani, na mashine nyingi za Ulaya zinaifuata: kijani mambo sawa, nyekundu hatari.

Lakini watu wa umeme mkubwa wana desturi yao ya zamani, na ukiingia kwenye chumba cha swichi utaikuta kwenye vifaa vya Uingereza, Japani na China vilevile. Kwao taa nyekundu maana yake swichi imefungwa na umeme unapita, usiguse. Kijani maana yake swichi iko wazi, umeme haupiti. Hawaulizi kama mashine ni nzima, wanauliza kama kuna hatari ya kuuawa. Ukifikiri kwa njia yao, mota inayozunguka ni hatari, kwa hiyo nyekundu. Iliyosimama ni salama, kwa hiyo kijani. Desturi zote mbili zina akili. Zikikutana kwenye ukuta mmoja ndipo panapokuwa na balaa, kwa sababu paneli ya pampu yenye kijani inayomaanisha "nimesimama" ikikaa jirani na paneli yenye kijani inayomaanisha "ninafanya kazi", mlinzi wa usiku ataangalia, ataona kijani mbili, atarudi kulala huku tangi likikauka.

Kwanza, washa kila mashine na uandike taa gani imewaka. Zima, andika tena. Pili, bandika maneno chini ya kila taa: INAZUNGUKA, IMESIMAMA, HITILAFU. Maneno, siyo rangi nyingine. Wapo wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Tatu, ukinunua paneli mpya, mwambie muuzaji desturi unayoitaka kabla hajaifunga.

Kitu kimoja hakina mjadala: kitufe cha dharura. Viwango vya kimataifa vinakitaka kiwe chekundu, chenye kichwa kipana kama uyoga, juu ya usuli wa njano. Ukikipiga kinabaki chini, na ukikizungusha kukiachia mashine haitakiwi kuwaka yenyewe. Kijaribu. Ikiwaka, mashine hiyo isifanye kazi mpaka irekebishwe. Usikipake rangi nyingine, usikisogeze nyuma ya gunia.

Hatua ya 5: Vya kuzungusha

Kwa redio, feni na jiko la umeme, kuzungusha kwa mwendo wa saa ni kuongeza. Kwa bomba la maji na valvu ya mtungi wa gesi, mwendo wa saa ni kufunga. Hakuna anayechanganyikiwa mpaka aletewe jiko la gesi. Nobu yake inabonyezwa ndani, inazungushwa kinyume cha saa, na moto mkubwa ndio unaokuja kwanza. Ukiendelea kuzungusha, moto unapungua badala ya kuongezeka. Bibi aliyezoea jiko la umeme atataka kupunguza kwa kurudi alikotoka, na moto utamlipukia sufuria kabla haujazimika. Mwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe, mara kadhaa, bila haraka.

Majiko ya sahani nne yana ugomvi wao. Nobu nne zimepangwa mstari, sahani zimepangwa mraba. Ipi ni ya ipi? Chapanis huyohuyo na mwenzake Lindenbaum waliwajaribu watu 1959 wakaona kwamba sahani zikipangwa kwa kupishana, zikafuatana na mpangilio wa nobu, makosa yanaisha. Jiko lako hutalipanga upya, lakini doa la rangi isiyoungua pembeni ya kila nobu na jingine pembeni ya sahani yake linatosha.

Valvu ya kugeuza robo ni rahisi: mkono ukilala sambamba na paipu, iko wazi, ukikingama, imefungwa. Bomba la kuogea la Italia lenye herufi C ni la maji ya moto. F ndiyo baridi. Wenye nyumba za wageni wabandike alama nyekundu na bluu, wasiwaachie wageni wajifunze kwa ngozi.

Kwa wakerezaji: kabla ya kukata, uliza gurudumu la kusogeza kisu linasoma nini. Mashine za zamani za Uingereza nyingi zinasoma kwa inchi. Baya zaidi, mashine nyingine zinaonyesha kisu kimesogea kiasi gani, na nyingine zinaonyesha kipenyo kimepungua kiasi gani, ambacho ni mara mbili yake. Kereza kipande cha majaribio, pima kwa vernia, kisha andika jibu kwenye mashine.

Hatua ya 6: Vya kuendesha

Gari la Japani la usukani wa kulia lina indiketa mkono wa kulia na waipa kushoto. Gari lililobuniwa Ulaya, hata likiwa na usukani wa kulia, mara nyingi ni kinyume. Ndiyo maana unaona gari likikata kona huku waipa zikipangusa kioo kikavu. Kwa waipa hakuna aliyeumia, ila dereva wa nyuma hakuona indiketa. Kwenye gari la otomatiki lenye alama za kujumlisha na kutoa, angalia pia kusukuma mbele kunafanya nini: kwa Mazda na BMW kunapunguza gia, kwa mengine mengi kunaongeza.

Pikipiki ndizo zinazoniumiza moyo. Zipo ambazo gia ya kwanza ni chini na zilizobaki ni juu. Zipo ambazo zote zinakanyagwa mbele. Zipo ambazo zote zinainuliwa. Kijana wa bodaboda akiazima ya mwenzake, kwenye mteremko mguu wake utafanya ulichozoea, ataingiza gia ndogo alipotaka kubwa, na gurudumu la nyuma litashika ghafla. Hakuna kanuni ya maumbile hapa: pikipiki nyingi za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia mpaka katikati ya miaka ya 1970, sheria ya Marekani ilipodai gia iwe kushoto na breki kulia, na watengenezaji wakafuata soko. Ukikabidhiwa pikipiki usiyoijua, isimamishe kwa stendi, pitia gia zote hadi juu na kurudi hadi nyutro, kisha zunguka mtaani taratibu kabla ya kupakia abiria.

Na mji huu ni wa baiskeli. Kwa Waingereza na Wajapani breki ya mbele iko mkono wa kulia. Kwa Wamarekani na nchi nyingi za Ulaya bara iko kushoto. Baiskeli za mtumba zinashuka kutoka pande zote hizo. Inua mbele, zungusha gurudumu, bana breki moja, ujue ipi ni ipi. Kama ni ya mtoto, mwombe fundi abadilishe waya zifanane na baiskeli nyingine za nyumbani.

Waendesha ekskaveta wanajua mipangilio miwili mikubwa. Katika yote miwili mkono wa kushoto huzungusha mtambo na wa kulia hukunja ndoo. Tofauti ni hii: katika mmoja, mkono wa kulia ndio unaoinua bumu (boriti kubwa ya mtambo) na wa kushoto unasogeza mkono wa kuchimbia, katika mwingine vimebadilishana. Mitambo mingi ina valvu ya kubadilisha mpangilio, na opereta wa zamu iliyopita anaweza kuwa ameigeuza. Soma stika ndani ya kabini, kisha jaribu kila mwendo kidogo kidogo mahali pasipo na mtu, kila unapopanda, hata kama jana ulikuwa wewe.

Mabaharia wetu wanalijua jambo hili kuliko wote. Ukisukuma kana, yaani mpini wa usukani, kushoto, chombo kinakwenda kulia. Kwenye meli za Uingereza amri za usukani zilifuata kana mpaka mwisho wa 1932: amri ya kulia ilimaanisha kana iende kulia, na meli ikaelekea kushoto. Nahodha wa jahazi anayehamia boti ya gurudumu apewe maji mapana ya kujifunzia, mbali na ngalawa za watu.

Hatua ya 7: Saa, tarehe na namba

Wageni wanaoandika vitabu vya maelekezo hawajui kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri. Mwambie msaidizi, "Kaka, weka pampu iwake saa moja asubuhi," na akiwa mgeni wa taima anaweza kuandika 01:00. Pampu itawaka saa saba usiku. Kwenye taima andika kibao chenye mistari miwili: saa moja asubuhi ni 07:00, saa moja jioni ni 19:00, na mengine yafuate. Ni kipande cha karatasi tu, ila kimeokoa mota nyingi zisifanye kazi bila maji.

Tarehe ya Marekani huanza na mwezi. 04/07, ambayo kwa hesabu yetu ni Julai Nne, kwao inageuka kuwa Aprili Saba. Hilo ni muhimu kwa dawa na kemikali zenye mwisho wa matumizi. Mjerumani anaandika elfu moja mia tano kama 1.500 na moja na nusu kama 1,5. Kwenye mizani au geji ya presha, nukta iliyosomwa vibaya ni mara elfu moja.

Skrini zina tofauti zao pia. Simu iliyowekwa Kiarabu inageuza mishale ya kurudi, jambo ambalo maalimu aliyezoea kusoma kutoka kulia halimsumbui. Na kwa Wajapani duara ni sahihi na mkasi (alama ya X) ni kosa, hivyo kwenye mashine za michezo za PlayStation za kwao duara lilikuwa kukubali, wakati za Ulaya na Marekani mkasi ndio ulikubali. Kwenye PlayStation 5, 2020, waliunganisha desturi hizo, mkasi ukawa kukubali hata Japani.

Hatua ya 8: Jaribio la mikono

Sasa fanya utafiti wako. Waite watu kumi ambao hawajawahi kuitumia mashine hiyo: wanagenzi, mama ntilie wa nje, mzee anayepita. Umeme ukiwa umekatwa, mwulize kila mmoja peke yake, "Ungetaka iongeze, ungefanyaje?" Usimwonyeshe kwa macho, usicheke, usimsahihishe. Andika mkono ulikokwenda.

Wote wakielekea upande ambao mashine inautaka, usifanye kitu. Wakigawanyika, weka mshale na maneno ya Kiswahili yanayoonekana kutoka pale mtu anaposimama. Wote wakielekea upande usio sawa, maandishi hayatoshi, kwa sababu mtu akishtuka hasomi, na mazoea yana taabu: mkono unarudi kwenye ulichojifunza kwanza. Hapo geuza swichi yenyewe kama fundi umeme anaweza, au weka kifuniko kinachomlazimisha mtu kusimama kabla ya kugusa, au badilisha umbo la kishikio lisifanane na la jirani yake. Kama karakana ina mashine mbili za kazi moja, zifanye zifanane hata kama zote mbili zitakuwa kinyume na mashine za duka la pili. Mchanganyiko ndani ya chumba kimoja ndio unaokata vidole.

Rudia jaribio baada ya kurekebisha, safari hii ukimwambia mtu aharakishe. Matokeo ya haraka ndiyo ya kuyaamini.

Mwisho, weka daftari moja la karakana: kila mashine ukurasa wake, ilikotoka, volti, rangi za waya, maana ya taa, upande wa kuongeza, na kilichobadilishwa na nani. Mkaguzi wa usalama kazini wa OSHA akija utamwonyesha. Ukiiuza mashine, ng'oa ukurasa wake umpe mnunuzi pamoja na funguo, na kama umegeuza chochote mwambie kwa mdomo mkiwa mmesimama mbele yake.